Penseli, kalamu, jeli au wanja wa manga: upi utafika nawe Kariakoo?

Swali: Shikamoo dada. Nakaa Gongo la Mboto, nauza duka la vitambaa Kariakoo. Napaka wanja wa penseli kila asubuhi, saa kumi na moja na nusu, nikishaswali na kabla sijatoka kuwahi daladala. Naupaka ndani ya jicho, juu na chini. Nikifika kazini saa mbili umeshashuka chini ya macho, na juu umejichora mstari wa pili. Juzi bosi aliniuliza nani kanipiga. Nikanunua mwingine ulioandikwa kwamba hautoki kwa maji, mambo ni yale yale. Rafiki yangu ananiambia ninunue wa kalamu, mwingine anasema jeli, bibi anasema hakuna kama wanja wa manga. Mwezi ujao dada yangu anaagwa na mimi ndiye mpambe wake, sitaki aibu mbele ya kamera. Ninunue upi? Kazini natawadha kwa ajili ya adhuhuri na alasiri, kama hilo linahusu.

Marahaba mdogo wangu. Hilo la kutawadha linahusu, tena ndilo litakalotuamulia, nitalifikia. Na bosi wako msamehe. Penseli ikishuka chini ya jicho, kweli inafanana na ngumi ya jana usiku.

Umenieleza matatizo mawili ukidhani ni moja. Weusi wa chini ya macho una chanzo chake, na ule mstari wa pili wa juu una chanzo kingine. Wateja wangu wengi huyaweka yote kwenye kapu moja, "wanja wangu unavuja", wananunua mwingine, halafu mwingine, mpaka pochi imejaa penseli nane na macho bado yamechafuka.

Tuanze na mstari wa juu. Ngozi ya kope inatoa mafuta kama lilivyo paji lako la uso. Ukifumbua macho, ngozi hiyo inajikunja, na ile sehemu uliyopaka wanja inagusana na ya juu yake. Sasa penseli ni nini? Ni nta na mafuta, na rangi nyeusi imekorogwa humo ndani. Mafuta ya ngozi yakiikuta nta yanailainisha, na kila ukipepesa unapiga muhuri. Mtu hupepesa kama mara 15 kwa dakika. Piga hesabu ya foleni ya Barabara ya Nyerere mpaka Kariakoo, utaona ni mihuri mingapi.

Hapo ndipo yale maandishi ya "hautoki kwa maji" yanapotupoteza sisi wa Dar. Hayajasema uongo, maji kweli hayautoi. Lakini kinachokutoa wewe wanja siyo maji, ni mafuta. Penseli nyingi za aina hiyo hushindana na maji kwa sababu zenyewe ni nta na mafuta, na maji na mafuta hayaelewani. Mafuta na mafuta yanaelewana mno. Joto linachangia kwa kuilegeza nta, jasho linachangia kwa kuutembeza wanja ulioshalegea, ila aliyefungua mlango ni mafuta.

Usiniamini kwa maneno. Leo usiku kaa chini, kunja mkono wa gauni, chora mistari upande wa ndani wa mkono, pale kwenye ngozi laini: mmoja wa penseli yako ya zamani, mmoja wa ile uliyonunua juzi, na kama rafiki yako ana wa kalamu, akuchoree mmoja naye. Achana nayo dakika tano. Kisha pitisha kidole kilicholowa maji, uone nini kimeondoka na nini kimebaki. Kausha kwa kugusa na kitambaa. Sasa chovya kidole kwenye mafuta ya nazi, tone moja tu, upitishe juu ya mistari mara tatu taratibu. Penseli ya kwanza itafutika kama masizi ya sufuria. Ya pili, ile iliyokugharimu zaidi, itaifuata. Wa kalamu mara nyingi utabaki pale pale, au utakatika vipande vidogo kama magamba badala ya kutapakaa. Mimi kipimo hiki nakifanya kabla ya kumchorea mteja yeyote kwa wanja nisioujua, na kimeniokoa mara nyingi kuliko maandishi ya kwenye boksi.

Weusi wa chini sasa. Huo umeutafuta mwenyewe, kwa kupaka ndani ya jicho. Ule ukingo wenye unyevu, ulio kati ya mzizi wa kope na mboni, machozi hupita juu yake muda wote hata kama hulii. Chochote unachokipaka pale kinaanza kuyeyuka na kuelea kabla hujafunga pochi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walipiga picha za video za macho yaliyopakwa wanja wa penseli, mara ndani ya mstari wa kope, mara nje. Ule wa ndani uliingia kwenye machozi ndani ya dakika tano, na chembe zake zilikuwa nyingi kwa asilimia 15 hadi 30 kuliko wa nje. Machozi yanaubeba mpaka kona ya jicho na ukingo wa chini, unamwagikia kwenye ngozi, na hapo unakutana na mafuta ya shavuni.

Kuna jambo jingine kwenye ukingo huo. Ukiuangalia kwenye kioo chenye kukuza, utaona vitundu vidogo vidogo vimejipanga. Ni midomo ya tezi zinazotoa mafuta yanayozuia machozi yasikauke haraka. Ukivizibia kila siku kwa nta, jicho linaanza kuwasha jioni, linahisi kama lina mchanga, na wewe unalaumu vumbi la Kariakoo. Sikukatazi moja kwa moja. Siku ya sherehe, picha mbili tatu, sawa. Kila siku alfajiri, juu na chini, hapana. Na anayevaa lenzi za kwenye jicho ndiyo asiguse kabisa sehemu ile.

Basi kabla hujatoa hata shilingi, badilisha mambo mawili. La kwanza, usipake ndani, na chini usipake kitu chochote kwa siku za kazi. Nusu ya tatizo lako itakwisha hapo hapo. La pili, niambie ukweli: ukishaoga unapaka mafuta gani usoni? Wengi wetu tunachota mafuta ya mgando, tunasugua viganja, tunapaka uso mzima tangu paji mpaka kidevu, macho yakiwemo. Halafu juu ya kope lililong'aa kwa mafuta tunachora wanja wa mafuta, tunauambia ukae. Acha kope. Paka mashavuni na kwingine, kope lifute kwa kitambaa kikavu au tishu, kisha poda kidogo sana kwa kidole au brashi laini. Poda ile ile ya uso inatosha, hakuna haja ya kununua maalumu.

Ukishafanya hayo, cha kununua kwa ajili ya kazini ni wanja wa kalamu. Namaanisha ule wa majimaji uliowekwa kwenye kitu kama peni, wenye ncha ya brashi nyembamba au ncha ngumu kiasi kama ya makapeni. Ndugu yake ni ule wa kichupa chenye kibrashi kwenye mfuniko. Ndani ni yale yale, ila kichupa kinamtaka mtu mwenye mkono wa kuchora hina. Ndani yake rangi imeelea kwenye maji pamoja na kitu kinachokauka kuwa utando mwembamba. Maji yakishaondoka, utando unabaki umeikumbatia ngozi, na mafuta ya kope hayana nta ya kulegeza. Ndiyo maana ulivumilia kipimo cha nazi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa nakwenda kinyume na rafiki zako. Wanja wa kalamu uko wa namna mbili. Upo usiotoka kwa maji, ambao kuutoa kunahitaji kukandamiza pamba yenye mafuta au dawa ya kutolea mekapu. Na upo wa kawaida, usioandikwa majigambo yoyote, ambao ukiulowesha na kuusugua polepole unabanduka. Wewe kwa kazini chukua huu wa kawaida. Adui yako wa kila siku ni mafuta ya kope, na yote miwili inapambana nayo. Wa pili unakupa faida ya kuondoka unapoutaka uondoke.

Ndiyo tumefika kwenye udhu. Masuala ya fikhi yana wenyewe, muulize ustadhi wako anayekujua. Mimi nakueleza nilichonacho mkononi tu: wanja wa kalamu ukikauka ni utando juu ya ngozi, na ule usiotoka kwa maji ni utando ambao maji hayaupiti kwa urahisi. Wateja wangu wengi wanaofuatilia hilo wanataka kitu watakachokitoa chooni kazini kwa maji ya bomba na kitambaa, kisha wachore tena baada ya sala. Wa kawaida unawaruhusu. Lowesha pamba, weka juu ya jicho lililofumbwa, hesabu mpaka 30, vuta kuelekea chini. Maji ya uvuguvugu yanafanya kazi vizuri zaidi, na bahati nzuri mabomba ya Kariakoo saa sita mchana hayana maji baridi.

Na kwa nini uchore saa kumi na moja na nusu? Kuna giza, una haraka, halafu una safari ya zaidi ya saa moja na jasho la kusimama. Beba kalamu yako na kioo kidogo, chora ukishafika dukani, jasho limekauka. Dakika tatu tu. Lakini usichore ndani ya daladala. Nawaona mabinti wanaojiamini, dereva anakanyaga breki kituoni na penseli iko milimita mbili kutoka kwenye mboni. Mkwaruzo kwenye kioo cha jicho ni maumivu ambayo sitaki hata kuyasimulia.

Wanja wa kalamu una dhambi zake. Hausamehi. Penseli ukikosea unaivuruga kwa kidole ikaonekana ulikusudia, huu ukikosea umekosea. Usijaribu kuchora mstari mmoja mrefu kwa pumzi moja kama wale wa kwenye video. Egemeza kiwiko mezani, weka kioo chini kidogo ya uso ili jicho liwe limeshuka lenyewe, wala usivute ngozi kwa pembeni, maana ukiiachia mstari unajikunja. Gusa nukta ndogo ndogo kati ya kope na kope, tano au sita, kisha ziunganishe. Kama unapenda mkia pembeni, ufuate mwelekeo wa ukingo wa chini wa jicho lako kana kwamba unaendelea kuelekea mwisho wa nyusi, na uuchore jicho likiwa wazi, ukijiangalia mbele. Ukiuchora jicho limefumbwa, ukifumbua unakuta umemezwa na mkunjo. Hautakaa vizuri siku ya kwanza. Fanya mazoezi usiku, siku ambayo huendi popote.

Ncha ya kalamu inakufa kwa poda na mafuta. Ukichora juu ya kope lenye poda nyingi, ncha inaziba, unadhani wino umekwisha, unatupa kitu kizima. Ifute kwa tishu kila ukimaliza, funga mpaka usikie inalia, na ihifadhi ncha ikiangalia chini, ndani ya kikombe, ili wino usiikimbie. Usiache kwenye gari wala dirishani.

Penseli siyo mbaya, nisieleweke vibaya. Kwa mtu mwenye kope kavu, au mama wa miaka 60 ambaye ngozi ya kope imeshalegea na mstari wa kalamu unatoka na mikunjo, penseli laini ndiyo inayompendeza, hasa ikivurugwa kidogo. Tatizo la soko letu ni kwamba neno "wanja" linabeba vitu viwili. Dada anakwenda dukani anaomba wanja, anapewa penseli ya nyusi. Ya nyusi ni ngumu makusudi, imetengenezwa ichore vinywele, na ukiipitisha kwenye kope inakwaruza mpaka machozi yanatoka. Anaipasha kwa kiberiti ilainike. Tafadhali usifanye hivyo. Ncha inaonekana imepoa juu wakati ndani bado ni moto. Ijaribu nyuma ya kiganja: penseli ya jicho inaacha weusi bila wewe kukandamiza. Ya nyusi inataka ubonyeze.

Na maadamu tumegusa nyusi: piko isikaribie macho. Ile ni rangi ya nywele, na kemikali yake inayoleta weusi inaweza kuunguza ngozi, sembuse jicho.

Jeli nitaipitia haraka, maana kwako ni ya siku moja. Inakuja kwenye kikopo kidogo na brashi yake, au kama penseli ya kuzungusha isiyohitaji kichongeo. Ndani kuna nta pia, lakini imelainishwa kwa vimiminika vinavyopaa hewani. Ukishapaka una kama nusu dakika mpaka dakika moja ya kurekebisha, kisha inashika na haitembei. Inang'aa weusi kuliko zote, na kwenye ngozi zetu weusi wa kweli unaonekana tofauti na weusi wa kijivujivu. Ubaya ni kikopo: chini ya feni, mfuniko wazi, kinakauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Ukinunua, nunua ya kuzungusha.

Sasa siku ya dada yako. Pale adui anabadilika. Utalia, usinidanganye. Mama akishika maikrofoni, mpambe ndiye wa kwanza. Machozi ni maji, kwa hiyo siku hiyo ndiyo siku ya ule usiotoka kwa maji, wa kalamu au wa jeli. Nilipoanza kazi hii nilimchora bibi harusi mmoja kwa wanja wa kalamu mzuri kabisa, usioogopa maji. Baba yake akaanza kuongea, binti akalia, na wanja ukakaa imara. Nikajipongeza kimoyomoyo. Kisha shangazi akampa leso naye akajifuta, akasugua kama anafuta meza. Ule utando ukabanduka vipande, magamba meusi yakasambaa mpaka shavuni juu ya poda nyeupe ya picha, na mpiga picha hakuacha kupiga. Kosa lilikuwa langu. Nilimpa wanja, sikumfundisha kulia. Chukua tishu, ikunje iwe na ncha, iguse chini ya kope la chini, iache inyonye, usivute. Mfundishe na dada yako, na leso za mashangazi zifiche.

Siku hiyo kama unataka weusi wa ndani, paka ukingo wa juu tu, kwa jeli ya kuzungusha, na kausha ukingo kwanza kwa kijiti cha pamba bila kukandamiza. Chini paka nje ya kope, nusu ya mwisho kuelekea pembeni. Picha itaonyesha jicho kubwa, na hakutakuwa na kitu cha kumwagika. Jaribu kila kitu wiki mbili kabla, uvae kutwa nzima, maana jicho lina namna yake ya kukataa kitu, na usilijue hilo ukumbini.

Bibi. Namheshimu, na wanja wa manga umewapamba bibi zetu wa pwani tangu zamani, majahazi ya Uarabuni yakitia nanga. Lakini jiwe linalosagwa na kuuzwa kwa jina hilo mara nyingi ni galena, yaani madini ya risasi, na risasi hiyo ni ile metali nzito, inayodhuru ubongo wa mtoto hata ikiingia kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Marekani, mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, haijauruhusu kabisa wanja wa aina hiyo kuwa rangi ya vipodozi. Huwezi kuujua kwa macho: wenye risasi na usio na risasi yote ni unga mweusi, na kichupa hakisemi. Mtu mzima anajipaka, anapikicha jicho, anamlisha mtoto kwa mkono ule ule. Na tunawachora watoto wachanga nyusi na paji la uso tukiwakinga na husuda, nao wanapitisha mkono usoni kisha mdomoni. Mtoto msimpake huo, hata kidogo.

Kama wanja wa bibi ni ule aliojitengenezea kwa masizi ya taa na mafuta, huo hadithi yake ni nyingine, kikubwa hapo ni masizi na mafuta. Ila kwa tatizo lako ni penseli isiyo na mti. Utashuka vile vile, pengine kwa kasi zaidi.

Uko Kariakoo, kwa hiyo huna haja ya kusafiri kwenda kununua, una haja ya kuchagua meza. Ile meza ya barabarani, jua la saa saba limewaka juu ya boksi tangu asubuhi, ipite. Penseli iliyokaa juani inatoa jasho la mafuta, na wino wa kalamu unajitenga. Ingia duka lenye kivuli, angalia kama kifungio cha plastiki hakijachanwa, nusa penseli kama ina harufu ya mafuta yaliyooza. Tafuta orodha ya viambato. Ukiona CI 77499 hiyo ni oksidi ya chuma nyeusi, rangi ya kawaida ya wanja. CI 77266 ni weusi wa kaboni, nao hutumika sana. Boksi lisilo na orodha wala jina la mtengenezaji liache hapo. Tangu Julai 2019 usimamizi wa vipodozi umetoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ukaenda TBS, shirika la viwango, kwa hiyo ukiwa na mashaka na bidhaa, hao ndio wenye kuulizwa. Na jina kubwa la Ulaya linalouzwa kwa bei ya chapati mbili, unajua mwenyewe.

Angalia pia kialama cha kikopo kilichofunuliwa, ndani yake 6M au 12M. Ni miezi ya kutumia tangu ufungue. Kwa kalamu na kichupa mimi sivuki miezi sita hata kama wino upo, maana ncha inagusa kope kila siku na kurudi kwenye giza lenye majimaji, na bakteria hawahitaji mwaliko mwingine. Penseli ina nafuu, ukiichonga unaondoa tabaka lililogusa jicho. Iweke kwenye friji dakika kumi kabla ya kuchonga, haitavunjika.

Usiweke kwenye jicho wanja wa kuonjesha wa dukani. Jaribu mkononi. Na ule wako usiuazime kwa mtu, hata huyo rafiki yako; ndiyo maana nilisema akuchoree mkononi. Unakumbuka macho mekundu yalivyozunguka Dar mwanzoni mwa 2024? Ofisi nzima miwani ya jua. Kama wewe mwenyewe ulishawahi kuumwa ukiwa unatumia kalamu fulani, hiyo itupe, usiihurumie.

Usiku usilale nao. Kwa kalamu ya kawaida nimeshakueleza, ni maji ya uvuguvugu. Kwa jeli na ile isiyotoka kwa maji, rudi kwenye tone letu la nazi: weka kwenye pamba, kandamiza juu ya jicho lililofumbwa mpaka uhesabu 30, futa kuelekea chini, kisha nawa kwa sabuni yako ya uso ili mafuta yasibaki kwenye kope yakakusubiri asubuhi.

Ile penseli ya zamani usiitupe kama bado haijafika mwaka. Ichonge, ibonyeze nyuma ya kiganja. Ikiwa ngumu, ibakie ya nyusi.